Kufungasha mizigo ya safari ya mbugani: mwongozo wa siku nne za Tarangire, Ngorongoro na Serengeti

Kila inapokaribia Juni, na tena likizo ya Desemba inaponyemelea, maswali huwa yale yale. Je, ni lazima nivae kaki? Sanduku langu la magurudumu litaingia garini? Kweli kuna baridi, au watu wanatia chumvi? Nibebe maji kiasi gani? Kwa kuwa nimekuwa nikiwasaidia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu wa Dar es Salaam kujiandaa kwa hifadhi za kaskazini, nimeona ni afadhali majibu yakae mahali pamoja kuliko kuyarudia kwa kila anayeuliza usiku wa kuamkia safari, wakati maduka yameshafungwa.

Mfano nitakaoutumia ni safari ambayo wengi huanza nayo: siku 4 na usiku 3 kwa gari kutoka Arusha, usiku wa kwanza karibu na Tarangire, wa pili kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na wa tatu Seronera, katikati ya Serengeti. Anayekwenda Mikumi, Nyerere au Tsavo anaweza kuufuata mwongozo huu pia, ila apunguze nguo za baridi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kufungasha kwa ajili ya picha. Mtu anabeba mavazi sita ya kubadilisha na viatu jozi tatu, lakini sweta hata moja hana. Mbugani utakaa garini sehemu kubwa ya siku, utakula vumbi, na utaamka kabla jua halijachomoza katika baridi ambayo mtu wa Pwani hajaizoea. Kwa hiyo mzigo hufungwa kwa kufikiria kwanza kiti cha gari, kisha vumbi, kisha baridi ya alfajiri, na mengine yote hupewa nafasi itakayobaki.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Begi moja laini la kitambaa au turubai, lisilo na fremu ngumu, lenye ujazo wa lita 40 hadi 60.
- Begi dogo la mgongoni, ambalo litakaa miguuni pako garini.
- Mfuko au begi lolote la tatu kwa ajili ya vitu vitakavyobaki Arusha.
- Mifuko midogo ya kitambaa mitano au sita yenye kamba ya kukaza. Fundi cherehani wa mtaani hukushonea kwa vipande vya kitenge vilivyobaki, na hudumu kuliko ya kununua.
- Khanga mbili. Wanaume pia, sababu zitaonekana mbele.
- Mizani ya kuning'iniza, au urafiki na mwenye duka mwenye mizani.
- Kitambulisho cha taifa, na kwa watoto nakala za vyeti vya kuzaliwa.
- Jioni mbili: ya kwanza ya kupanga, ya pili ya kupunguza.

Usianze kununua kitu chochote kabla ya kumaliza hatua ya 1.

Hatua kwa hatua

1. Muulize mwandaaji wa safari maswali matano, na uyaandike majibu. Je, tunakwenda kwa gari safari nzima, au kuna sehemu ya ndege? Tunalala lojini au kwenye mahema? Kama ni mahema, nani analeta magodoro, mito na mifuko ya kulalia? Chakula cha mchana na maji ya kunywa vimo katika bei? Na garini kuna soketi ya kuchajia? Majibu haya huweza kupunguza nusu ya mzigo au kuuongeza mara mbili. Jibu la swali la ndege ndilo kali kuliko yote, kwa sababu ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya vumbi vya Seronera na kwingineko kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu, begi la mkononi likiwemo, na hutaka begi laini linaloweza kusukumwa kwenye nafasi finyu ya mizigo. Sanduku gumu linaweza kuachwa uwanjani hata kama halijafika uzito huo.

Hata kwa wanaosafiri kwa gari, sanduku gumu ni tatizo. Land Cruiser ya watalii yenye paa la kufunguka ina viti vingi na nafasi ndogo nyuma, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya mizigo yenu, tairi la akiba, sanduku la chakula, na mara nyingi mahema. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda na sanduku la magurudumu. Nililipakata kutoka Makuyuni hadi Karatu, na magurudumu yenyewe hayakugusa ardhi hata mara moja.

2. Angalia mwezi na mwinuko kabla ya kuchagua nguo. Nadharia inayohitajika ni hii tu: kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua. Dar es Salaam iko usawa wa bahari; Tarangire iko kwenye takriban mita 1,100, Seronera takriban mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro zaidi ya mita 2,200. Wakati wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, usiku wa pale ukingoni huweza kushuka chini ya nyuzi 10, mara nyingi pakiwa na ukungu na upepo, ilhali mchana uleule uliotangulia ulikuwa unatokwa na jasho Tarangire. Machi hadi Mei ni masika, na Novemba na Desemba ni vuli; miezi hiyo vumbi hupungua na tope hushika nafasi yake, hasa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Januari na Februari, wakati nyumbu wanapozaa katika nyanda za Ndutu, jua la mchana ni kali na mvua za ghafla si ajabu.

3. Tandika mkeka au shuka kitandani, toa kila unachotaka kubeba, kisha upange katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kiti, yaani vitu utakavyovihitaji gari likiwa linatembea. Fungu la pili ni la usiku: vitu utakavyovihitaji baada ya kufika kambini. Fungu la tatu ni la mjini, yaani nguo za kurudia nyumbani, zawadi, kompyuta ya kazini na vyote ambavyo havina kazi hifadhini. Fungu la tatu liache hotelini Arusha au kwa mwenyeji wako, kwa kuwa safari nyingi huishia mji huohuo zilikoanzia. Watu wengi hawajui kwamba jambo hili linawezekana, na hubeba suti ya harusi ya Jumamosi hadi Serengeti na kuirudisha.

4. Chagua nguo kwa idadi hii, na usiizidishe: suruali nyepesi 2, fulana 3, mashati ya mikono mirefu 2, nguo za ndani za siku 5, soksi jozi 4, nguo moja ya kulalia, raba zilizofunika vidole na malapa ya kuogea. Mwanamke anayependelea gauni au sketi achague yenye nafasi ya kutosha kupanda gari refu na kusimama juu ya kiti paa likifunguliwa. Hijabu ya pamba nyepesi ni bora kuliko ya kitambaa cha kuteleza, kwa sababu upepo wa paa lililo wazi hauna adabu.

Kuhusu rangi, kaki si sharti. Ukiwa ndani ya gari simba hakuchagui kwa shati lako. Rangi za udongo, kijani kilichofifia na kijivu zinafaa kwa sababu hazionyeshi vumbi, na nyeupe haifai kwa sababu hiyohiyo. Ziko rangi mbili za kuepuka kwa dhati, nazo ni buluu na nyeusi, kwa kuwa huwavuta ndorobo, wale mbung'o wa porini. Ukipita Tarangire na baadhi ya sehemu za Serengeti utaona vitambaa vya buluu na nyeusi vimetundikwa mitini. Hiyo ni mitego yao, iliyotiwa dawa. Sasa fikiria mtu anayeingia humo na jinzi ya buluu na fulana nyeusi: amejifanya mtego usio na dawa. Ndorobo huuma hata kupitia nguo nyembamba iliyobana, na dawa ya kawaida ya kufukuza mbu haiwatishi sana, hivyo kinga yako ni rangi ya nguo, kitambaa kizito kidogo, na dirisha lililofungwa mnapopita kwenye vichaka vyao.

Onyo: usibebe nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi, hata kama ni kofia tu au suruali ya mtoto. Sheria ya Tanzania inamkataza raia kuzivaa, na hata nchi jirani ya Uganda haiziruhusu.

5. Andaa baridi peke yake, kama fungu linalojitegemea. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo inayopuuzwa na watu wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambao kwao sweta ni vazi la ofisi yenye kiyoyozi. Unahitaji sweta moja nzito, koti moja la kuzuia upepo, kofia ya sufu, soksi nene jozi moja, na shuka la Kimasai au blanketi jepesi. Havihitaji kuwa vipya. Makoti mazuri ya mitumba yapo soko la Karume kwa aliye Dar, na soko la Kilombero kwa aliyeshafika Arusha. Shuka la Kimasai linunue Arusha, maana utalitumia pia kama mto, kama pazia la dirisha wakati wa jua kali, na kama zawadi ukirudi.

Vitu hivi visizame chini ya begi la nyuma. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi, na madereva wazuri hupenda kuwa njiani muda huo kwa sababu simba, chui na duma huwa bado wanatembea. Paa linafunguliwa, gari linakwenda, upepo unaingia, na wewe umesimama na fulana. Anayelala hemani ukingoni mwa kreta, kwa mfano pale kambi ya Simba, avae nguo kavu za kulalia ambazo hakushinda nazo mchana, kwa kuwa jasho lililokauka nguoni hurudi kuwa baridi usiku.

6. Linda vifaa vyako dhidi ya vumbi. Ukishaacha lami kwenye lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, vumbi la barabara ya Serengeti huingia kila mahali, pamoja na ndani ya zipu iliyofungwa. Simu, kamera, darubini na pawabenki kila kimoja kiwe na mfuko wake wa kitambaa, kisha yote ikae ndani ya begi dogo, na begi lenyewe lifunikwe na khanga ya kwanza. Usibadilishe lenzi ya kamera gari likiwa linatembea. Mwenye kamera ya lenzi ya kubadilishwa ataridhika na lenzi inayofika milimita 300 au 400. Mwenye simu tu asihuzunike, ila ajue kwamba chui aliyelala juu ya mti mita 80 kutoka barabarani atakuwa doa.

Kwa sababu hiyo mimi huwashauri watu wanunue au waazime darubini kabla ya kufikiria kamera. Yenye maandishi 8x42 inatosha: 8 ni kiasi cha kukuza, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Zenye kukuza zaidi hutikisika mno ukiwa umesimama garini. Watu wawili wanaweza kushirikiana darubini moja. Watu sita hawawezi, na ugomvi wa darubini nimeushuhudia hata kati ya mtu na mkewe waliokuwa fungateni.

Badala ya kubeba stendi ya miguu mitatu, ambayo haina pa kusimama garini, beba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu wenye zipu. Mkifika Mto wa Mbu, ambako mpunga unalimwa, jaza mchele kilo 2, uweke mfuko kwenye ukingo wa paa, na ulaze kamera au simu juu yake. Siku ya mwisho mchele unapikwa.

Kuhusu umeme, baadhi ya kambi huwasha jenereta kwa saa chache tu, nyingine hutegemea jua. Beba pawabenki iliyojaa, waya wa ziada, na plagi ya soketi ya sigara ya gari. Anayetoka Marekani au bara la Ulaya akumbuke adapta ya pini tatu bapa kama zile za Uingereza, na kwamba umeme wetu ni volti 230. Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya simu, kwa sababu chooni usiku utaihitaji mikono yote miwili. Droni iache nyumbani. Hairuhusiwi hifadhini bila kibali maalumu.

7. Funga dawa katika mfuko mmoja usiochanganywa na kitu kingine. Dawa zako za kila siku zitangulie, za siku mbili zaidi ya safari, nusu kwenye begi dogo na nusu kwenye begi kubwa. Ongeza dawa ya maumivu, chumvi chumvi za kuongeza maji mwilini, plasta, dawa ya mzio, ya kichefuchefu kwa wanaosumbuliwa na gari, ya kufukuza mbu, na mafuta ya kukinga jua. Mwenye pumu abebe pampu yake begi la kiti, si la nyuma, kwa sababu ya vumbi. Anayevaa lenzi za machoni abebe na miwani. Mwenye ualbino asitegemee kivuli cha gari: paa likifunguliwa jua linashuka moja kwa moja, hivyo kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua viwe begi la kiti.

Mbu wa malaria wapo, hasa maeneo ya chini. Kwa Mtanzania aliyeishi ng'ambo miaka mingi, nasema wazi kwamba kinga uliyokuwa nayo utotoni imepungua. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari kuhusu dawa za kujikinga, badala ya kusema kwamba wewe ni mwenyeji.

8. Andaa vitambulisho na fedha. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kwa shilingi, na mgeni kutoka nje hulipa makumi ya dola kwa siku. Kinachowatofautisha langoni ni karatasi, wala si lafudhi. Kwa hiyo kitambulisho cha taifa au pasipoti ni cha lazima, na cheti cha mtoto ni muhimu kwa kuwa ada yake hutegemea umri. Piga picha za hati zote na uzihifadhi ndani ya simu, kwa kuwa mtandao hautakuwepo kila mahali. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu, hivyo usitegemee kutoa noti dirishani. Hata hivyo beba fedha taslimu ndogondogo za bakshishi ya dereva na mpishi, za ndizi nyekundu za Mto wa Mbu, na za dharura. Mashine za kutolea fedha zipo Karatu. Baada ya hapo usizitegemee.

9. Fungasha chakula na maji. Hesabu ya kuanzia ni lita 3 za maji ya kunywa kwa mtu mzima kwa siku, na ni bora yakae kwenye dumu au chupa kubwa, kila mtu akiwa na chupa yake ya kujazia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na Kenya ilitangulia mwaka 2017. Aidha, anayevuka kwenda hifadhi za Kenya ajue kwamba chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi humo tangu Juni 2020. Mifuko yako ya kitambaa itakuokoa.

Vitafunwa vizuri ni vile visivyoyeyuka, visivyonuka na visivyohitaji kisu: korosho, karanga, kashata, visheti, chapati zilizokunjwa kavu. Samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha yaache. Gari lenye watu saba na madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya ndorobo si mahali pa kufungua hotipoti ya dagaa, hata kama wamepikwa na mama.

Onyo: chakula chochote kisiingie hemani. Kambi nyingi za umma hazina uzio. Nyani na tumbili hufanya kazi mchana, na fisi hupokea zamu usiku. Fisi pia huondoka na viatu vya ngozi vilivyoachwa nje ya hema, kwa hiyo raba zako zilale ndani pamoja nawe. Mkila mchana ndani ya kreta, pale Ngoitokitok, kulieni garini: mwewe wa pale hushuka na kunyakua kipande cha kuku mkononi mwa mtu, na kucha zao hukwaruza.

10. Panga begi la kiti mwisho, na ulipange vizuri kuliko yote. Humo viingie: sweta au koti, kofia ya jua, miwani ya jua, darubini, chupa ya maji, vitafunwa, dawa za dharura, hati, simu na pawabenki, kitambaa cha kufunika pua na mdomo, karatasi za chooni, sabuni ndogo ya maji, na khanga ya pili.

Hapa ndipo niwaambie kuhusu khanga. Hifadhini hamruhusiwi kushuka garini popote mnapotaka, na vyoo vipo malangoni na kwenye maeneo ya mapumziko, ambayo yanaweza kutengana kwa mwendo wa saa mbili. Mwenye kubanwa humwambia dereva mapema. Dereva hutafuta mahali pa wazi, hukagua pande zote, na mtu huchimba dawa karibu kabisa na gari, nyuma ya tairi. Khanga ndiyo ukuta. Baada ya hapo khanga ileile hukausha uso, hufunika kiti kilicholowa, hubeba mtoto, na hutandikwa chini wakati wa mapumziko. Anayeswali hatahitaji mkeka mwingine, ila abebe chupa ndogo ya maji ya udhu.

11. Pima uzito, kisha upunguze. Begi la nyuma lisizidi kilo 12, na la kiti lisizidi 3. Ukizidi, usianze kuondoa vitu vidogo. Ondoa jozi moja ya viatu na mavazi mawili, kisha upime tena. Lala. Asubuhi fungua begi kwa macho mapya, na utaona kitu kingine kisicho na kazi. Mwisho, funga ufito wa kitambaa cha rangi ya kipekee kwenye mpini, maana mabegi ya turubai yote yakishavaa vumbi hufanana.

Mambo ya kutorudi nayo

Acha nafasi kidogo ya vitu vya kununua Arusha, lakini usiokote chochote hifadhini. Jino, pembe, kipande cha mfupa, gamba la kobe, hata unyoya wa mbuni ulioanguka barabarani, vyote vinahesabiwa kuwa nyara za serikali, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa la jinai. Waambie watoto mapema, kisha kagua mifuko yao kabla ya lango la kutokea.

Mambo yakiharibika njiani

Umesahau koti na mko tayari njiani. Mwombe dereva asimame Karatu. Kuna maduka, mitumba na maduka ya dawa, na ndiyo nafasi ya mwisho ya kweli kabla ya ukingo wa kreta. Kama mmepitiliza, vaa fulana mbili chini ya shati, funga khanga kifuani na kiunoni, na ujaze chupa maji ya moto uilalishe miguuni ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sharti kwamba kifuniko kinafunga sawasawa na chupa si ya plastiki laini.

Ndorobo wameingia garini. Msifungue madirisha yote kwa hasira, kwani mtawakaribisha wengine. Subirini gari litoke kwenye vichaka hadi kwenye uwanda, wafukuzeni kwa kofia, kisha funikeni nguo zozote za buluu au nyeusi kwa shuka. Ndorobo huhitaji kofi zito kuliko inzi.

Mtoto anatapika. Mhamishie kiti cha mbele au cha katikati, aangalie mbali, asiangalie simu. Mpe maji kidogokidogo. Chombo chenye mfuniko kilichobeba visheti sasa kimepata kazi mpya.

Simu imeisha chaji na jenereta imezimwa. Iweke kwenye hali ya ndege tangu asubuhi. Simu inayotafuta mtandao usiopatikana humaliza betri haraka kuliko inayopiga picha.

Begi limelowa kwa mvua juu ya gari. Toa vyote hapohapo mnapofika, usingoje kesho. Kilichokuwa ndani ya mifuko ya kitambaa kitakuwa na unyevu tu. Kianike ndani ya hema au juu ya viti, wala si mitini, ambako tumbili wanakitazama.

Darubini au lenzi ina vumbi. Usiifute kwa shati. Pulizia kwanza, au tumia brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa cha pamba kisafi. Chembe za vumbi zikisuguliwa huchora kioo na mchoro hautoki.

Begi la mwenzako limechukuliwa na gari jingine. Hutokea magari mawili yanapopakia kwa pamoja asubuhi. Madereva huwasiliana kwa redio, na magari mengi hukutana tena Naabi, kwenye lango la Serengeti, au Seronera, kwa hiyo mwambie dereva mara moja na umtajie rangi ya ufito ulioufunga kwenye mpini.

Zipu imekwama. Ni vumbi. Usiivute kwa nguvu, kwa sababu ikipasuka porini hakuna fundi. Ipige kwa mswaki mkavu pande zote mbili, sugua meno yake kwa kipande cha mshumaa, kisha uirudishe nyuma kidogo kabla ya kuipeleka mbele.